Mkalimani Asiyevua Kitu

Mdoe alikuwa na lugha tano kinywani. Kizigua alikinyonya kwa mama, Kishambaa alikiokota gulioni Korogwe, Kiswahili alikipata kila mahali, Kijerumani kilimwingia kwa fimbo za shule kabla ya vita, na Kiingereza alikichimba katika kamusi ya padri. Mwaka 1931 akapewa wiki moja ya majaribio ya ukalimani katika boma la Handeni. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, anarudi kukata mkonge.

Siku ya mwisho wakaingia wazee watatu wa Kwedizinga wenye shauri la mpaka wa shamba. Makubadhi waliyaacha mlangoni, kofia zikabaki vichwani, kama waingiavyo watu wenye adabu zao. Bwana Shauri, afisa Mwingereza wa kuamua mashauri, mgeni wa mwezi mmoja, akawaka kwa Kiingereza:

"Hapa ndani nataka kichwa 'bare'! Wasipovua, shauri nalifuta."

Mdoe akawafikishia. Mzee Isihaka, mkubwa wao, akaguna. "Mwanangu, mwambie tumeshavua. Yeye ndiye kaingia na mabuti kama anakwenda kuwinda nguruwe!"

Mdoe akapima haraka. Akiyatafsiri hayo, kazi kwaheri. Akiyameza, wazee wanafukuzwa. Akakimbilia kamusi.

"Bwana, hilo neno lako ni kongwe. Wahenga wenu walikuwa nalo kabla hawajavuka maji kuingia kisiwani kwenu, na Wajerumani wanalo mpaka leo, 'bar', maana ileile: kisichofunikwa. Nililichapiwa shuleni. Kwenu na kwao huambatana na kichwa, huambatana na mguu vilevile. Wewe umevua juu, wazee hawa wamevua chini. Heshima ni hiyohiyo."

Bwana Shauri akakodolea macho vidole thelathini vilivyopangana sakafuni. Kisha akamgeukia Mdoe: tarbushi nyekundu juu, viatu vinavyong'aa chini.

"Na wewe umevua nini?"

Wazee hawakungoja tafsiri. "Lo! Huyu kafungwa kama gunia la mahindi!" Mzee Isihaka akapasuka kwa kicheko.

Mdoe akavua tarbushi. Akavua kiatu cha kulia. Cha kushoto kilikataa mpaka askari akakivuta kwa mikono miwili. Hapo Bwana Shauri naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi akafuta machozi, na shauri likasikilizwa na kofia za wazee zikiwa mahali pake.

Jioni Mdoe akaandikwa kazi, kwa sharti moja: barazani yeye avue huku na huku.