Nilimpiga Mama Picha kwa Kamera Isiyo na Mkanda

Nimekosa. Sitaki mtu anitetee, wala asiniambie ni bahati mbaya. Nilijua ninachofanya!

Mimi niliishia darasa la nne. Nimebeba mbao kule Magamba mpaka bega likaota sugu. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Lushoto, nina gari la mizigo na gari la kutembelea, na sikusaidiwa na mtu. Nasema hivi ili unijue. Mtu wa kujisifu ndiye mimi, na kujisifu ndiko kumenifikisha hapa.

Kuna mzungu mmoja alikaa huku kupiga picha za msitu na vinyonga. Siku anaondoka akaniuzia kamera yake. Sio hizi za kuangalia picha kwenye kioo cha nyuma. Ni ya mkanda wa filamu, ile nzito ya wapiga picha wenyewe, lenzi kama kikombe cha bati. Nikajifunza mwenyewe. Kuweka mkanda, kuvuta lenzi mpaka sura ikae sawa, kupima mwanga. Nikawa naivaa shingoni hata nikienda kununua nyama!

Watu wakinionyesha simu zao nawacheka. "Hicho ni kioo cha kujitazamia," nasema. "Picha ni hii."

Sasa shida ya hiyo kamera ni mkanda. Huku haupo. Unaagiza Dar, unakuja na basi, na kusafisha ni hukohuko Dar.

Mtoto wa mdogo wangu wa kike alipata kipaimara kule Lukozi. Huyo mdogo wangu nimwite Mama Yoeli, sio jina lake. Ndiye aliyekaa na mama yetu siku zote, akimwogesha, akimpikia uji, mimi nikiwa mjini natafuta hela. Mama alikuwa hapendi picha kabisa. Lakini siku ile mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alipanda kutoka Muheza. Walikuwa wamekosana miaka mingi kwa ajili ya shamba, na kanisani wakapeana mikono. Mama akafurahi, akaniita mwenyewe.

"Mwanangu, njoo utupige. Mimi na mdogo wangu. Ya karatasi, niitundike ukutani."

Jamani, kamera ilikuwa tupu! Mkanda wa mwisho niliumaliza nikipiga gari langu. Mwingine ulikuwa haujafika. Nilikuja nayo shingoni kwa sababu sikutaka watu waniulize, "Bosi, mashine iko wapi leo?"

Ningesema tu, mama, mkanda umeisha. Neno dogo hilo. Likanishinda.

Mama akakaa kwenye kiti pale nje, kitenge kipya, akamshika mama mdogo mkono.

"Unipige na meno yangu," akasema. "Yamebaki machache, lakini ni yangu."

"Wewe funga mdomo," mama mdogo akamtania, "utaharibu mashine ya mtoto!"

Watu wakacheka, wakatoa simu. Hapo ndipo nilipofanya dhambi yenyewe. Nikapaza sauti: "Shusheni hizo simu! Mnaniharibia kazi. Hapa kuna fundi!"

Wakashusha wote. Nani angebishana na mimi?

Nikavuta lenzi. Nikapiga. Kacha! Kacha! Mkanda ukiwa ndani, kile kitufe cha juu cha kurudishia mkanda kinazunguka kila ukiusogeza kwa picha nyingine. Siku ile hakikuzunguka hata kidogo. Nilikiona mimi peke yangu.

Nilijiambia mkanda ukifika nitarudi kuwapiga tena, nitasema naongeza. Ukafika. Nikaumaliza kwa kupiga duka langu lilipopakwa rangi mpya. Mama akawa anauliza, "Picha zetu?" Namjibu, "Ziko Dar, mama, zinasafishwa."

Baridi ya ukungu ilipoanza, kifua kikambana. Akatutoka.

Msibani wazee wakanigeukia. "Leta ile picha ya mama na mdogo wake, iwekwe mbele ya jeneza." Mama mdogo alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, ananitazama.

Loh! Mungu anisamehe. Nilikumbuka kwamba siku ya kipaimara Mama Yoeli aliipangusa kamera vumbi kwa kanga yake. Nikasema mbele ya watu wote, "Picha zimeungua. Mama Yoeli aliifungua mgongo, mwanga ukaingia."

Mdogo wangu akashika kichwa. "Kaka, nilifungua? Mimi nilipangusa tu."

"Ulibonyeza mahali."

Akaamini! Huo ndio uchungu wangu. Akapiga magoti kwa mama mdogo, akalia, "Nisameheni, sikujua." Mama mdogo akageuza uso. Mbele ya jeneza tukaweka picha ya kitambulisho cha kura, imekuzwa mpaka mama haonekani kama mama.

Tangu siku hiyo, Mama Yoeli akimpigia mama mdogo simu na kumpa shikamoo, simu inakatwa. Ukoo wakamwita mkono wa nuksi. Na mimi ananiletea kabichi na viazi dukani, anasimama mlangoni. "Kaka, bado umenikasirikia?"

Nilishindwa kula. Nikaenda Lukozi, nikamkuta anachambua maharage. Nikafungua kamera mgongo mbele yake, nikamwonyesha pale mkanda unapokaa. Nikasema, "Siku ile hapa palikuwa hivi. Patupu. Wewe hukuunguza kitu."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Akayaacha maharage, akauliza, "Kwa hiyo mama alikuwa anakichekea kitu kitupu?"

Nikaifunga kamera.

"Nenda Muheza," akasema. "Kaseme kwa mdomo wako uleule."

Nikashuka Muheza, nikasema yote. Mama mdogo alilia, akafunga mzigo wake ili aende Lukozi kumwomba radhi mtoto wa dada yake. Nikamfungulia mlango wa gari langu. Akapita pembeni yangu kama mimi ni nguzo, akaenda kupanda basi.

Ninyi mliofanikiwa kwa jasho lenu, nawaambia: kusema "sina" hakukurudishi kwenye ufukara. Na mtu akitoa simu ampige mama yake, mwache apige, hata kama ni mbovu, hata kama ana mkono wa kutetemeka. Usimzuie!

Mdogo wangu aliniomba nimweleze mama alikaaje siku ile kwenye lenzi. Niliiona sura yake vizuri kuliko mtu yeyote, kila mkunjo, jua likimpiga shavuni. Nikafungua mdomo nimweleze. Nilianza kulia, na sikuweza kumpa hata hiyo picha ya maneno.