Mpishi wa Nyumba Yake Mwenyewe

Bi Siti Ngwali alianza kujenga mwaka alioachwa. Mumewe alivuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, akaoa huko, na talaka ikaletwa na mtu aliyekuwa akipita tu. Alibaki na binti wawili wadogo, kibanda cha mama yake kule Msuka, na mikarafuu kumi na minane aliyorithi kwa babake, huku juu kilimani, njia ya Konde. Akasema atajenga hapo hapo penye mikarafuu. Watu walimcheka.

Najua haya kwa sababu shamba langu limepakana na lake, na kalibu ya kufyatulia matofali aliiazima kwa mume wangu, Mungu amrehemu. Aliazima kwa wiki mbili, akakaa nayo miaka kumi na miwili. Kila msimu wa karafuu akishauza, hununua saruji mifuko miwili mitatu, akafyatua matofali mwenyewe, maji akiyateka kisimani na kuyapandisha kilima kwa kichwa. Msimu mbaya ukija, ukuta hukaa vile vile mpaka mwaka wa pili. Ukitazama vizuri ukuta wa upande wa bahari utaona matofali yamebadilika rangi mara nne. Bati alipaua mwaka ule mikarafuu ilipozaa mpaka matawi yakavunjika. Siku alipohamia alilala sebuleni juu ya mkeka, maana alisema anataka kuviona vyumba vyote kwa pamoja.

Binti zake wameshaolewa, mmoja Wete, mmoja Unguja. Anakaa peke yake, na hajawahi kunambia kwamba anaona upweke.

Sasa kuna huyu Jabir. Ni mtoto wa mdogo wake, Mwanawema. Alilelewa na Bi Siti tangu ana miaka saba mpaka akamaliza skuli, akila na kulala katika nyumba hii. Siku hizi yuko mjini Unguja, ni dalali, anawaonyesha wageni nyumba za kupanga. Mwaka jana, karafuu zikiwa zimeanza kuiva, akapiga simu.

"Mama mkubwa, nina wageni wawili, mtu na mkewe. Wamehamia Unguja kutoka Uholanzi. Wanataka kuja kupumzika mwisho wa wiki, waone karafuu zinavyochumwa. Naomba walale kwako."

"Walete," Bi Siti akamwambia. "Wanakula pweza?"

Wakaja Ijumaa, watu washatoka msikitini. Mume akiitwa Joost, mrefu, mkimya. Mke akiitwa Lotte. Wakati Jabir anashusha mabegi, yule mwanamke alimfuata Bi Siti mlangoni akamwambia "Shikamoo" kisha akaeleza, polepole lakini kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba ana mwalimu, anasoma mara mbili kwa wiki. Yeye na Jabir walikuwa wakisema Kiingereza tu, basi Jabir hakujua hata kidogo kwamba Lotte anasikia Kiswahili.

Jumamosi tulishinda pamoja. Wageni waliona watu wakikwea mikarafuu, wakajaribu kuchuma matawi ya chini, kisha tukaketi jamvini kuchambua karafuu, kuzitenga na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, mpaka vidole vikaingia weusi. Lotte akasema kwao watu huenda hivi hivi mashamba ya zabibu, wakalala huko siku mbili, wakala, wakaonja. Akasema huku ni kuzuri zaidi kwa sababu ya harufu. Bi Siti alifurahi.

Alasiri alifungua friji atoe tui, akakuta chupa ya mvinyo imelazwa juu ya samaki wake.

Bi Siti hakosi sala, na nyumba ile haijapata kuingia kitu kama hicho. Jabir hakuwepo, alikuwa ameshuka Konde. Akamwita Lotte, akamwonyesha kwa kidole, hakuigusa. Yule mwanamke akawa mwekundu. "Samahani sana. Jabir alisema hapa hakuna tabu." Akaichukua mbio akaipeleka garini. Bi Siti akatoa kila kitu katika friji, akaiosha kwa sabuni na maji mara tatu, na samaki wote akawatupa. Nilipomuuliza, alinijibu, "Wale hawajui. Ila yule anajua, nimemfunza mie." Nikaona hasira imeanza kumkaa.

Jumapili asubuhi Bi Siti alikuwa jikoni anakaanga, wali uko motoni. Joost yuko barazani na utepe wa kupimia, anapima, anaandika. Bi Siti alidhani ni michezo ya wageni. Lotte akaja akasimama karibu naye.

"Bi Siti, tunapenda sana chakula chako. Tukihamia, wewe utabaki? Utafanya kazi na sisi?"

"Mkihamia wapi?"

"Hapa. Kwenye nyumba hii."

"Nani kawaambia nyumba hii inahamiwa?"

"Jabir," akasema Lotte. "Nyumba yake. Amesema wewe unamtunzia, na unapika."

Bi Siti akazima moto. Akaja mpaka kwenye ua wangu, hana hata viatu, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Bi Shamima, njoo kwangu. Nataka shahidi."

Jabir alikuwa anaosha gari. Tukamwita barazani, wageni nao wakaja. Bi Siti akabaki kasimama.

"Jabir, wewe ndiye unayejua Kiingereza. Waambie maneno yangu, neno kwa neno. Waambie nyumba hii nimeijenga mie, kwa mikono yangu, miaka kumi na miwili. Si yako, si ya mamako, wala haiuzwi. Na mie si mpishi wa mtu."

Jabir akatazama chini, akageukia wageni, akasema Kiingereza kidogo, akitabasamu. Joost akaitikia kwa kichwa, tena kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa.

"Hapana," akasema Lotte kwa Kiswahili, akimtazama Jabir. "Yeye hakusema hivyo. Wewe umesema mama ameizoea nyumba, ana huzuni kuhama, tumvumilie. Yeye amesema amejenga. Nimesikia."

Sijapata kumuona mtu akikosa pa kuweka uso wake kama Jabir siku ile.

Kisha akaanza kujitetea. "Mama mkubwa, nilikuwa nataka kukusaidia. Wewe mtu mzima sasa, nyumba kubwa, uko peke yako. Ungejengewa chumba kizuri kule kwa mama. Na hawa ni wageni, hawawezi kuuziwa ardhi kwa sheria, kwa hiyo ingeandikwa jina langu tu, wao wangekaa."

"Ingeandikwa, au imeshaandikwa?"

Kumbe ilikuwa imeshaandikwa. Joost akaitoa karatasi ya makubaliano kwenye mkoba wake akampa. Bi Siti akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. Mmiliki, Jabir. Mipaka ya shamba ikatajwa, na upande mmoja likatajwa jina langu, Shamima, kwamba mimi ni jirani ninayemjua Jabir kuwa ndiye mwenye nyumba. Hapo na mimi damu ilinipanda. Mtoto niliyemfulia nguo alipougua surua amenifanya shahidi wa uongo wake, na sikuulizwa.

"Ondoka," Bi Siti akamwambia. "Gari hii waliikodi wao. Wewe nenda kwa miguu."

Akaenda. Wageni wakaanza kufunga mabegi, lakini Bi Siti akawazuia. "Wali umeiva. Mmeingia hapa kama wageni wangu, mtakula." Wakala, ingawa hakuna aliyeshiba. Lotte akalia, akaomba radhi. Bi Siti akazipokea radhi zake, lakini akamwambia jambo ambalo naona lilikuwa haki kuambiwa.

"Mmenikuta ndani. Mmelala kwangu siku mbili, tumechambua karafuu pamoja. Kiswahili unakijua. Hukuniuliza hata mara moja nyumba hii ya nani. Uliniona nina mwiko wa wali mkononi, ukatosheka."

Waliondoka kabla ya adhuhuri.

Mwanawema, mamake Jabir, alikuja siku ya tatu. Akakaa kitako, akasema mtoto kapitiwa na shetani, yaishe, damu ni moja. Ndugu wengine nao wakaja na maneno hayo hayo, mmoja mmoja, kila mmoja akimtaka Bi Siti apoe. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akanambia, "Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa Jabir kumuuliza kwa nini. Wote wanakuja kuniomba mie, kama mwenye kosa ndiye aliyeibiwa."

Hakupoa. Alikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kwetu, kisha tukapanda gari ya Wete, yeye na mimi, kuomba hati. Karani akamuuliza kwa upole kama kiwanja kilikuwa cha marehemu mume.

"Mume yuko hai, yuko Mombasa," Bi Siti akajibu. "Kiwanja kilikuwa cha babangu, nyumba ni yangu. Andika hivyo."

Alikuwa na hasira hata hapo, na si kwa karani. Ilimuuma kwamba miaka yote ile ya kubeba maji haikutosha, lazima karatasi. Tulikwenda na kurudi mara nyingi. Wapimaji wakaja wakatia alama zao pembeni mwa mikarafuu, nami nikatia saini ya jirani, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Hati ilitoka mwezi wa Shaaban.

Jabir hupita mara moja moja akija kumtazama mamake. Hutoa salamu kutoka barabarani, na Bi Siti humwitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu. Kisha anaendelea na kazi yake, na Jabir anaendelea na njia.