Kipusa Si Jina

Nakumbuka siku moja bajia ziliniungulia karaini, na mimi, mwanangu, si mtu wa kuunguza bajia. Waulize watu wa Mambrui. Siku hiyo nilishika gazeti mahali pa kijiko.

Alikuwa amepita kijana mwandishi kutoka Mombasa, kapiga picha, kala bajia, kaenda zake. Sasa gazeti limefika na sura yangu imo, ushungi umeteleza, meno yote nje. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nilisoma kama mtu anayechagua mchele, punje punje: “Kipusa awatia wazimu wanaume Mambrui.”

Kichwa kikavimba! Magazeti ya enzi hizo ndivyo yalivyokuwa: msichana yeyote, mrembo asiye mrembo, akiuza mihogo ni kipusa, akiibiwa baiskeli ni kipusa, akitumbukia kisimani ni kipusa vilevile. Mimi hilo sikulijua. Nilidhani neno limetafutwa likanipata mimi peke yangu. Nikaanza kuwatazama wateja kwa jicho la pembeni. Hata chatini ya ukwaju nikawa naidondosha tone tone, kama dawa ya macho. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Haya. Na wakati huo nilikuwa nimeposwa na Athumani, fundi wa mashine za boti kule Ngomeni, na nilimtaka, sikufichi. Mamake akasomewa lile gazeti. Akatuma neno: “Mwanangu haoi mwanamke wa kutia watu wazimu njiani.”

Mbio mpaka kwa bibi yangu aliyenilea, Mwana Esha. Nilimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, na wala hakuusimamisha mkono. Nikamtandazia gazeti, huku nalia, huku najisifu.

“Bibi, wananionea wivu. Nimeitwa kipusa!”

“Kipusa?” Akacheka mpaka akakohoa. “Kipusa ni pembe ya kifaru, we mwana! Babu yako akizibeba forodhani, ndani ya magunia. Zinapimwa, zinauzwa. Na kifaru mwenyewe, umesikia alipata nini? Kaachwa porini ananuka.”

“Lakini bibi, ni sifa.”

“Sifa. Na jina lako liko wapi hapo?”

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Jina la mwandishi lilikuwapo. La mji lilikuwapo. Langu halikuwapo.

“Na bajia wameziandika?”

“Hawakuziandika.”

“Kumbe wameandika nini hawa? Watu huja kwako kwa bajia. Nenda kamwambie mama wa Athumani kwa mdomo wako. Na usiende mikono mitupu.”

Nikaenda Ngomeni na kapu langu. Nikapiga hodi, nikaamkia shikamoo. Yule mama akanipandisha akanishusha kwa macho.

“Ndiye wewe kipusa?”

“Hapana, mama. Mimi ni Khadija binti Omari, nauza bajia.”

Athumani akatokeza mlangoni, grisi mpaka viwikoni. “Mama, wazimu wenyewe ni wa bajia. Onja kwanza.”

Akaonja. Akachukua nyingine, kisha nyingine, uso mkavu kama papa wa kuning'inizwa. Mwishowe akasema, “Na ukwaju, mbona mchache?”

Hapo nikajua nimeolewa.

Leo wajukuu hunionyesha habari kwenye simu, na kipusa bado yumo, hata kuzeeka hazeeki. Yule mwandishi nilishamsamehe. Alitaka neno la kuuzia gazeti, akalipata. Ila wewe, mwanangu, mtu akikupamba kwa neno tamu, usilivae upesi kama leso ya zawadi. Uliza limetoka wapi, na nani anafaidi ukilivaa. Ukiitwa lisilo lako, nenda mwenyewe ukaseme u nani. Usikae ndani ukalia. Nanyi mnaoandika kutwa kucha kwenye hizo simu, mmekuwa magazeti nyote. Kabla hamjamwandika mtoto wa mwenzenu, mwulizeni jina lake na kazi yake. Neno halina mguu, lakini lilifika Ngomeni kabla yangu.

Jina jema hung'ara gizani. Mola akupe jina ambalo watu wakilitaja nawe hupo, watabasamu. Akupe na mkwe mwenye njaa ya kweli. Na ukwaju, mwanangu, usiufanyie choyo.