Mlinzi Niliyembandika Ndani

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa nane mchana, nimeshiba kande, na pombe sijaonja tangu nibatizwe.

Nilikuwa mpishi wa Mjapani mmoja aliyechunguza nyumbu kule kreta, Ngorongoro. Siku ya kuondoka alinizawadia picha ya mungu wa vijijini kwao, iliyopigwa chapa kwa ubao wa kuchonga: jibaba lenye ndevu, macho yamemtoka, upanga mkononi. "Mlinzi. Mlango," alisema. Kiswahili chake kiliishia hapo.

Nikaipeleka nyumbani, kijijini kwetu Daa. Sasa wewe, picha nzuri namna ile ungeibandika nje inyeshewe? Nikaibandika ndani, nyuma ya mlango, kwa uji wa ngano.

Kesho yake mwanetu Paulo, wa miaka minne, akashikwa na degedege. Mke wangu akambeba tukimbilie zahanati. Nikafungua komeo, mlango ukagoma. Nikausukuma kwa bega. Amini usiamini, ukanisukuma.

Nikainua macho. Jana yule wa pichani alitazama kando. Sasa alinitazama mimi. Nilipotaka kumbandua, upanga ukanichana kiganja. Karatasi ile! Kovu hili hapa. Na dirisha letu lilikuwa la kupitisha kichwa cha mbuzi tu. Nililia, sioni aibu kusema.

Mke wangu ndiye aliyeelewa. "Baba Paulo, huyu ni askari mgeni. Umempa lindo bila kumwonyesha wenye nyumba. Atajuaje kama sisi si wezi?"

Akaisogelea picha. "Shikamoo mzee. Mimi naitwa Elizabeti. Huyu ni mwanangu, Paulo. Na yule ni baba yake."

Mlango ukafunguka, wakapita. Ukajifunga usoni pangu.

Unaliona kosa? Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Nilijitaja mwenyewe mara mia. Lakini hata mwizi si ana jina? Nilikaa humo hadi jioni, sijui kama mwanangu yu hai, mpaka mama yake aliporudi naye mgongoni, homa imeshuka. Akasimama nje, akalitamka jina langu kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Picha tuliichoma siku ile ile. Haikusaidia kitu. Hadi leo, popote nilalapo, mlango haunipishi asubuhi mpaka sauti ya mke wangu initaje. Watoto wamejaribu, mchungaji amejaribu. Kwa hiyo nakuonya: ukipewa mlinzi, mbandike nje, na umtajie kila mtu wa nyumbani kwa jina lake.

Mke wangu amezeeka sana. Leo asubuhi alinitazama kwa muda mrefu, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.