Karamu Mbili za Bosi

Nichekeni tu. Mwaka wa tisini na sita kijibwa changu, Bosi, alivunjika mguu, nami mwalimu wa Kiswahili nikamwita daktari wa mifugo wa hapa Matungu.

"Asiluke, mwarimu," akasema. "Atulie kwa kikapu. Kesho nikija kuufunga mguu, nipate karamu mbiri."

"Asiluke" na "mbiri" nilizisahihisha kimoyomoyo. Lakini karamu, ya mbwa? Tena mbili? Sikuelewa, ila nikachinja ingokho, kuku wangu wa pekee, nikaita majirani. Waliimba mpaka Bosi akaruka kutoka kikapuni akilia.

Daktari akaduwaa mlangoni. "Karamu ziko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria mbili.

Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwangu. "Mwarimu, si karamu ndiyo hii? Ama mguu niufungie kwa sufuria?"