Mstari wa Kalamu ya Risasi

Picha iliingia kwenye simu yangu asubuhi, kutoka namba nisiyoijua, bila salamu. Ilikuwa ukurasa wa daftari la kikosi. Juu palikuwa na jina la kaka yangu, na chini yake mistari mitatu ya vifupisho vya Kifaransa: Évac. / Conv. 21 j. / Abs. irr.

Kaka mwenyewe alikuwa chumba cha nyuma, nyumbani kwetu mtaa wa Makomeno, mguu wenye jeraha ukiwa juu ya mto. Alikuwa ametoka vitani mashariki ya nchi, na sasa alikuwa nasi wiki ya tano. Alituambia amepewa ruhusa ya kupona. Mimi mwandishi wa habari, ninayeishi kwa kuuliza watu maswali, sikumuuliza hata moja. Nilipomwonyesha picha, aligeukia ukuta.

"Ile ni mambo ya biro," alisema, yaani ya ofisini.

Nilimpelekea picha jirani yetu mzee, askari mstaafu wa cheo cha ajida aliyekuwa karani wa kikosi miaka mingi. Siku hizi anafuga kuku. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Nani alikutumia?"

"Sijui, papa."

"Basi usimutafute. Ule ni karani. Bakimujua, amekwisha." Akaweka ukucha kwenye mstari wa kwanza. "Hii: balimuondosha kwenye vita juu ya kidonda. Ya pili: balimupa siku makumi mbili na moja ya kupona." Hapo alishusha sauti, ingawa tulikuwa sisi na kuku tu. "Ya tatu: haiko kazini, na hana ruhusa."

Nilimuuliza kama kaka ameshahesabiwa mtoro.

"Angalia rangi, mutoto wangu."

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa ya wino wa bluu. Wa tatu ulikuwa wa kijivu. Mzee alieleza kwamba karani huandika kwa kalamu ya risasi jambo ambalo mkubwa hajalitia sahihi. Mwisho wa mwezi mkubwa anasaini, karani anapitisha wino, na kuanzia hapo mtu ni wa mahakama ya kijeshi. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

"Niende kambini kuuliza?"

"Ukienda peke yako, utabakumbusha tu. Aende yeye mwenyewe." Aliwatazama kuku wake wakigombea pumba. "Hata hawa banamupita ndugu yako kwa nidhamu. Kila magaribi nikibahesabu, bote banajibu prezan, niko."

Sikuweza kucheka.

Nyumbani nilimwambia kaka yote, mama akiwa mlangoni. Kaka alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Batanirudisha kule," alisema. "Yaani munataka nikufe?"

"Bakikurudisha, nitalia," mama alisema. "Lakini bakija kukukamata hapa, batakupiga mbele yangu. Ile siwezi kuona. Amuka, unyoe ndevu."

Alinyoa akiwa amekaa kitandani, akajikata mara mbili. Teksi ilitushusha mbele ya lango la kambi. Alitaja namba yake ya kijeshi, walinzi wakamwingiza, mimi wakaniambia nisubiri ng'ambo ya barabara. Nilihesabu magari mpaka nikapoteza hesabu. Kila askari aliyetoka nilimtazama mikononi, kwa sababu mtu akifungwa huvuliwa viatu na mkanda, na ndugu zake ndio hupewa wavibebe nyumbani.

Jua lilikuwa limeshuka alipotokea nyuma ya uzio, askari mmoja akiwa pembeni yake.

"Batanipeleka kwa munganga wa jeshi kesho," alisema kwa sauti. "Leo nalala hapa."

Askari akamshika kiwiko, wakarudi ndani. Nilimtazama akichechemea mpaka akapinda kona.

Mama alikuwa amesimama barabarani nilipofika nyumbani. Hakuniuliza walisema nini.

"Balimuvua viatu?"

"Hapana, mama. Amevaa."

Aliketi palepale kwenye ukingo wa mtaro, akashindwa kuinuka mpaka nilipompa mkono.