Harufu ya Kuungua

Mume wangu Shawki anauza maharage ya kuchemsha hapa mtaani Kairo tangu tuoane, na hajawahi kuunguza sufuria hata siku moja. Kwa hiyo alipomwaga sufuria zima mtaroni akidai linanuka moshi, nilimpigia kelele. Maharage yalikuwa laini kama siagi!

"Kwani wewe huna pua, mwanamke?" akaniuliza.

Akamwaga tena, na tena. Wateja wakaanza kumtania: "Fundi Shawki, leo tunakula sisi au unakula mtaro?" Nikasema hili ni jicho la husuda tu, nikafukiza ubani nyumba nzima. Akakohoa, akasema, "Sasa ndiyo umezidisha."

Halafu asubuhi moja aliganda na upawa mkononi, macho wazi, mate yanamtoka, mteja anamwita naye hasikii. Tukaenda hospitali. Daktari akatuonyesha picha ya ubongo. Kuna uvimbe, akasema, umekaa panapotambua harufu, na ndio unaomletea hiyo ya kuungua. Umeshaenea, hautolewi.

Shawki aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo maharage yalikuwa mazima?"

Juzi nilitoka kununua mkate. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni. Nilifunua sufuria, nikakuta maharage meusi tii. Shawki alikuwa ameketi palepale kando yake, mikono magotini.

"We Shawki! Yanaungua! Husikii harufu?"

"Naisikia," akasema. "Nilidhani ni mimi."